Lumbesa ya Maji: Uhakiki wa Hesabu za Maji Migodini

Katika soko la Kariakoo hakuna mchuuzi wala mchukuzi asiyejua kwamba kipimo ni siasa. Mkulima wa viazi wa Njombe haihitaji semina ili kuielewa lumbesa, kwa sababu imemwumiza yeye mwenyewe. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa nundu juu na kufungwa kwa kamba. Shambani hulipiwa kama gunia moja, lakini likifika sokoni hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kwa kisado na kwa fungu, na ile nundu ambayo mkulima hakulipwa hugeuka kuwa faida ya mtu mwingine. Hakuna aliyemnyang'anya mkulima kwa panga. Amenyang'anywa kwa kipimo. Ndiyo maana Serikali imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia na kumpa Wakala wa Vipimo kazi ya kukisimamia. Na kwa kuwa jambo hili ni mapambano ya kimasilahi, si suala la ujinga tu, lumbesa bado ipo.

Tunaanza na gunia la viazi kwa makusudi. Katika makala hii tunataka kuzihakiki hesabu za maji zinazotolewa na migodi mikubwa ya nchi yetu na ya nchi nyingine. Hesabu hizo huchapishwa kila mwaka kwenye karatasi nzuri, zikiwa na michoro ya rangi na maneno kama "ufanisi", "uwajibikaji" na "wadau". Makada wengi huzipita kwa kudhani kwamba ni mambo ya wahandisi. Sisi tunasema kwamba taarifa ya maji ya mgodi ni maandishi ya kisiasa kama yalivyo maandishi mengine yoyote ya kisiasa, na inapaswa kusomwa hivyo: nani ameiandika, kwa ajili ya nani, ameweka nini ndani na ameacha nini nje.

Kipimo na mamlaka

Hatua chache kutoka sokoni Kariakoo upo Mtaa wa Lumumba, mahali ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai, 1954. Mtaa huo umepewa jina la kiongozi aliyeuawa mwaka 1961 katika nchi ambayo shaba na kobalti yake vilikuwa vikihesabiwa Ulaya, kwa vitabu vya Ulaya. Kada anayepita mtaa huo kila siku anapaswa kukumbuka kwamba mnyonyaji wa kisasa haji na bunduki kwanza. Huja na daftari, na anayelishika daftari ndiye anayesema ni kiasi gani kimetoka na kiasi gani kimebaki.

Somo hilo tulilipata upya mwaka 2017. Katika Bandari ya Dar es Salaam yalizuiwa makontena 277 ya makinikia. Tarehe 24 Mei mwaka huo, kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa kwamba dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko ilivyotangazwa. Kampuni ikakanusha vikali. Likafuata dai la kodi la dola za Marekani bilioni 190, na baada ya mazungumzo marefu yakafikiwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, ambamo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 300, Serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika migodi mitatu, na ikaundwa Kampuni ya Twiga kuwa chombo cha ubia. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu Taifa lilikataa kuhesabiwa mali yake na mtu mwingine. Lakini mwanafunzi makini wa siasa anaona pia upande wa pili wa jambo hilo. Hesabu za pande mbili zilipishana kama mbingu na ardhi, na mgogoro ukaishia mezani, si kwenye mizani. Sababu ni kwamba hatukuwa na mizani yetu tangu mwanzo. Anayeanza kupima baada ya ugomvi kuzuka amekwisha chelewa.

Tukaweka nguvu nyingi katika kuipima dhahabu. Maji je? Makinikia yalikuwa na kontena, na ilitosha kufunga lango la bandari. Maji hayana kontena. Huingia mgodini kwa bomba, kwa mvua na kwa kuchuruzika kutoka kwenye kuta za shimo, na hutoka kwa mvuke, kwa tope na kwa kupenya chini ya ardhi ambako hakuna lango wala askari.

Maji haya ni mali ya nani

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba maji ya nchi hii ni mali ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini. Mwenye shamba, kiwanda au mgodi hapewi maji yawe yake. Hupewa kibali cha kuyatumia, chenye kiasi na masharti, kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Nchi imegawanywa katika mabonde 9. Migodi ya Geita na Mara iko katika Bonde la Ziwa Victoria. Sisi wa Dar es Salaam tuko chini ya Bonde la Wami/Ruvu.

Msimamo huu haukuanza mwaka 2009. Mwaka 1929 Uingereza, ikijisemea kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba watu wa juu ya Mto Naili wasiguse maji bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba huo. Kwa msimamo huo tulivuta maji ya Ziwa Victoria mpaka Shinyanga na Kahama, ambako kina mama walikuwa wakichota kwenye malambo pamoja na ng'ombe. Mwaka 2010 tulitia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Naili, ambao ulianza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba, 2024.

Hapa ndipo ulipo mgongano tunaotaka wasomaji wauone. Taifa lililokataa kupangiwa maji yake na dola ya kigeni linaweza vipi kuridhika na hesabu ya maji hayohayo iliyoandikwa na kampuni pekee, kwa lugha ya kigeni, kwa ajili ya wanahisa walioko Toronto au London?

Hesabu yenyewe ilivyo

Kada hawezi kukosoa asichokielewa. Kwa hiyo tuieleze hesabu yenyewe, nayo si ngumu. Mizania ya maji ya mgodi ni sawa na daftari la duka: maji yaliyoingia, kutoa maji yaliyotoka, ni sawa na badiliko la akiba iliyomo.

Yanayoingia ni maji yaliyovutwa kutoka ziwani au mtoni, kama Geita inavyovuta kutoka Ghuba ya Nungwe na Bulyanhulu inavyovuta kwa bomba refu kutoka Ziwa Victoria. Kuna maji ya visima, maji ya ardhini yanayochuruzika shimoni na kupampwa nje ili wachimbaji wasizame, mvua inayonyesha juu ya eneo la mgodi, na unyevu uliomo katika mawe yenyewe. Yanayotoka ni mvuke, maji yanayomwagwa barabarani kuzuia vumbi, maji yanayoachiwa mtoni, maji yanayonaswa ndani ya tope sumu na kubaki humo, na maji yanayopenya chini ya bwawa la tope hilo. Katikati kuna maji yanayozunguka: hutoka bwawani, hurudi mtamboni kusaga mawe, na kurudi tena bwawani.

Kipimo ni mita ya ujazo, ile ambayo wananchi wa Dar es Salaam huiita uniti wanapoletewa ankara. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tunawashauri wanafunzi wasome taarifa yoyote ya mgodi huku wakigeuza tarakimu kuwa madumu. Mama wa Buguruni au wa Nyamongo haoni mita ya ujazo, lakini dumu analijua uzito wake kichwani.

Yapo mafanikio, na ukosoaji wa haki huyataja. Wachimbaji wa Australia, pamoja na Chuo Kikuu cha Queensland, walitunga mfumo wa pamoja wa kuhesabu maji ya migodi. Baraza la Kimataifa la Madini na Metali lilitoa mwongozo wa kutoa taarifa za maji, ambao ulisahihishwa mwaka 2021. Katika mfumo wa Australia kuna jambo moja ambalo tungependa kulichukua kama lilivyo: kila tarakimu lazima ielezwe kama imepimwa kwa mita, imekisiwa, au imekokotolewa kwa kielelezo. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo shina la makala hii.

Lumbesa nne

Tumeona namna nne ambazo gunia la hesabu ya maji hufungwa nundu. Hatusemi kwamba kila mgodi hufanya hivi kwa nia mbaya. Lumbesa nyingine hutokana na mazoea. Lakini mkulima aliyepunjwa kwa mazoea amepunjwa vilevile.

Ya kwanza ni asilimia ya maji yanayorudishwa. Tuchukue mfano wa darasani. Mgodi unavuta ziwani mita za ujazo milioni 1 kwa mwaka, na unazungusha ndani milioni 3. Unaandika: "Asilimia 75 ya maji tunayotumia ni ya kurudishwa." Mwaka unaofuata unazungusha maji yaleyale haraka zaidi, mpaka milioni 6, na unavuta ziwani milioni 1 ileile. Sasa unaandika karibu asilimia 86, na mchoro unapanda kwa rangi ya kijani. Ziwa limepona tone gani? Hakuna hata moja. Tone moja limehesabiwa mara nyingi, kama mtu anayepita mara sita kwenye gwaride ili jeshi lionekane kubwa.

Ya pili ni kipimo cha ufanisi kwa tani. Mgodi uliotumia mita za ujazo 0.7 kwa kila tani ya mawe ukishuka mpaka 0.6 unastahili sifa. Lakini kama katika kipindi hicho umepanda kutoka tani milioni 3 kwa mwaka mpaka tani milioni 4, basi matumizi yake yametoka milioni 2.1 mpaka milioni 2.4. Nyongeza hiyo ni madumu milioni 15. Na kadiri mgodi unavyozeeka na dhahabu inavyopungua katika kila tani, ndivyo mawe mengi zaidi yanavyosagwa kwa wakia moja, na maji nayo hivyohivyo. Bepari husifia uwiano. Mwananchi huishi kwa jumla.

Ya tatu ni wastani. Taarifa ya mwaka mzima huchanganya masika na kiangazi, na taarifa ya kampuni nzima huchanganya migodi ya nchi mbalimbali. Lakini hakuna mwananchi anayekunywa wastani. Lita moja iliyochukuliwa ziwani mwezi Aprili si sawa na lita moja iliyochukuliwa kwenye kijito mwezi Septemba, wakati visima vya kijiji vimekauka. Vivyo hivyo mvua. Mgodi wa Buzwagi huko Kahama, uliofungwa mwaka 2021, ulijengewa eneo kubwa la kuvuna maji ya mvua. Kuvuna mvua si kosa, ni busara. Kosa ni kuiandika mvua hiyo kama zawadi ya mbinguni isiyomhusu mtu, wakati sehemu yake ingeteremka kwenye bonde na kufika kwenye lambo la mtu mwingine.

Ya nne, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni ile tarakimu ya kufungia hesabu. Maji yaliyoingia hupimwa kwa mita, kwa sababu pampu na umeme ni gharama ya kampuni. Mvuke na upenyaji chini ya bwawa hukisiwa. Mara nyingi baada ya kila kitu kuhesabiwa hubaki pengo, na pengo hilo huitwa mvuke au upenyaji ili daftari lifunge. Tazameni vizuri, ndugu: maji yenye gharama kwa kampuni yamepimwa, na maji yenye hatari kwa mwananchi yamekisiwa. Hiyo si bahati mbaya ya kiufundi. Huo ni mpangilio wa kitabaka ndani ya tarakimu.

Tope na sumu

Mpaka hapa tumezungumza wingi. Ubora ni nusu ya pili ya hesabu, nusu ambayo mara nyingi hukatwa. Mawe yenye salfidi yakichimbuliwa na kukutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali zilizolala salama ardhini kwa maelfu ya miaka. Mgodi ukifungwa pampu huzimwa, shimo hujaa, na maji hayo hutafuta njia. Huko Afrika Kusini, karibu na Krugersdorp, maji yenye asidi yalianza kububujika mwaka 2002 kutoka katika migodi ya dhahabu iliyokwisha achwa. Dhahabu yake ilikuwa imekwisha uzwa zamani, na gharama za kuyasafisha zikauangukia umma. Kwa hiyo hesabu ya maji haifungwi siku mgodi unapofungwa. Nzega na Buzwagi zikumbuke hilo.

Kwetu mambo haya si ya kusimuliwa kutoka mbali. Mei 2009 maji yenye asidi yalitoka katika Mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mto Mara. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la tope sumu, na Julai mwaka huo bwawa likapigwa marufuku kutumika mpaka marekebisho yafanyike. Tarehe 7 Novemba, 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulibomoka, na tope likafunika nyumba, mashamba na vyanzo vya maji vya wanavijiji. Wakati huo Serikali ilikuwa na asilimia 25 ya mgodi wa Mwadui. Wale wanaofikiri kwamba hisa peke yake hutosha kuwa ulinzi wa umma wayatafakari maji ya Mwadui.

Tukio linalotufundisha zaidi ni la Machi 2022. Maji ya Mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa. Timu ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilichunguza na kueleza kwamba chanzo ni mimea iliyooza pamoja na kinyesi na mkojo wa ng'ombe, wala si mgodi. Wananchi wengi walicheka, wengine walikasirika. Hatuandiki ili kuamua nani alikuwa sahihi. Tunauliza swali la kada: kwa nini wananchi hawakuamini? Kwa sababu hawakuwahi kuwa na vipimo vya jana. Kama sampuli zingekuwa zinachukuliwa kila mwezi juu na chini ya mgodi, mbele ya macho ya wanakijiji, na matokeo yakabandikwa katika ofisi ya kijiji, timu ya wataalamu ingekuwa na ushahidi wa kulinganisha na mwananchi angekuwa na msingi wa kukubali au kukataa. Pasipo kipimo cha pamoja, hata ukweli huonekana uongo. Kiongozi asidhani kwamba madhara ya kutopima humwangukia mwananchi peke yake. Humwangukia hata yeye siku anaposema kweli.

Kujikosoa

Anayenyoosha kidole Nyamongo na atazame pia miguuni pake. Mwaka fulani tulikuwa tukifundisha kundi la vijana katika jengo moja la katikati ya jiji. Somo lilikuwa umiliki wa njia kuu za uchumi, somo ambalo tumelifundisha kwa miaka mingi kwa ufasaha. Kijana mmoja akauliza: "Wakufunzi, mita ya maji ya jengo hili iko wapi?" Hatukujua. Tulimwuliza mlinzi, naye hakujua. Tulipoipata nyuma ya ngazi, kioo chake kilikuwa kimefunikwa na vumbi, na hapakuwa na mtu katika jengo zima aliyewahi kuisoma. Tulikuwa tumefundisha namna ya kuzimiliki njia kuu za uchumi bila kujua kusoma mita. Tunalisema hili kwa sababu kosa lisilotajwa haliwezi kusahihishwa.

Jiji lenyewe lina lumbesa yake. Mtambo wa Ruvu Chini umepanuliwa kufikia uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya Dar es Salaam yamekuwa yakipotea kwa mabomba kupasuka, kwa mita mbovu na kwa wizi. Theluthi ya uwezo wa mitambo hiyo miwili ni karibu lita milioni 155 kwa siku, yaani zaidi ya madumu milioni 7 kila kukicha, au mita za ujazo milioni 56 kwa mwaka. Mgodi mkubwa wa dhahabu kwa kawaida huhesabu maji yake mapya ya mwaka kwa mita za ujazo milioni chache tu. Kwa hiyo kada anayesimama jukwaani na kusema kwamba migodi inamaliza maji ya nchi hajasoma hesabu. Kwa upande wa wingi, jiji linavuja kuliko mgodi unavyovuta. Hatari ya mgodi ipo zaidi katika mahali, majira na sumu, na katika ukweli kwamba daftari limeshikwa na upande mmoja.

Wananchi wa Kariakoo na Ilala walilipa gharama ya uvujaji huo Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakaanza kutolewa kwa mgawo. Katika mgawo mwenye nyumba ya ghorofa huwa na tangi na kisima. Mpangaji wa chumba kimoja hununua dumu kwa mwenye mkokoteni, kwa bei ambayo kwa uniti ni kubwa mara nyingi kuliko ya ankara. Na visima hivyo vya maghorofa, ni vingapi vina mita? Vyote vinatoboa hifadhi ileile ya maji chini ya jiji, na kadiri inavyovutwa ndivyo maji ya chumvi ya bahari yanavyosogea. Tukiutaka mgodi upime kisima chake, basi na ghorofa la Mtaa wa Msimbazi lipime chake.

Historia ya karibuni inatuonya pia tusidhani kwamba mgeni atakuja kutupimia. Agosti 2003 huduma ya maji ya jiji hili ilikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wabia wa Uingereza na Ujerumani. Mkataba ulivunjwa Mei 2005, na mashauri ya usuluhishi yakaendelea mpaka 2008. Lakini kurudisha huduma mikononi mwa umma hakukuziba bomba hata moja kwa nguvu ya tangazo. Umiliki ni mwanzo wa kazi, na kupima ni kazi yenyewe.

Soko la Kariakoo lina funzo lake juu ya paa. Jengo hilo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Mapaa yake ya zege yaliyofanana na miavuli iliyopinduliwa yalitengenezwa ili yatoe kivuli na hewa, na pia yakusanye maji ya mvua na kuyashusha chini kwa matumizi ya soko. Soko liliungua Julai 2021. Maelfu ya wananchi walikuwa wamefanya biashara chini ya miavuli ile kwa zaidi ya miaka 40, na ni wachache walioambiwa kwamba juu ya vichwa vyao kuna chombo cha kujitegemea kwa maji. Tulikuwa na chombo hicho bila kuwa na elimu yake wala daftari lake.

Hoja za wanaopinga

Wapo ndugu wanaosema: "Sasa ni wabia, tuna asilimia 16, tuwaamini." Mbia asiyeona daftari si mbia, ni mgeni mwalikwa. Kwa kuwa tuna hisa, tuna haki zaidi ya kuuliza, na tuna aibu zaidi tusipouliza.

Wapo wanaosema: "Haya ni ya kitaalamu." Mkulima ambaye hakusoma shule anaikamata lumbesa kwa jicho. Utaalamu wa kupima ni wa mtaalamu, lakini haki ya kujua kilichopimwa, nani alipima na lini, ni ya umma.

Na wapo wenye maneno makali wanaosema: "Mabeberu hawahesabiwi, hufukuzwa." Ndugu hao wajibu swali moja: siku ya pili baada ya kuwafukuza, bwawa la tope sumu litakuwa la nani, na nani atajua kilichomo? Mchimbaji mdogo wa Kitanzania naye hutumia maji na zebaki, na zebaki haiulizi uraia. Upande wa kushoto wa maneno bila hesabu hukutana na upande wa kulia katika jambo moja: wote humwacha mwananchi gizani.

Kazi ya kada

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza kazi tano kwa matawi, kwa vyuo na kwa makada walioko katika maeneo ya migodi.

Kwanza, kila kamati ya siasa inayopakana na mgodi ijue kibali cha maji cha mgodi huo: kiasi gani, kutoka chanzo gani, kwa masharti gani. Waulizwe Bodi ya Bonde, ambao ndio watoaji wa kibali.

Pili, tusikubali tarakimu yoyote isiyobandikwa jina lake: imepimwa, imekisiwa, au imekokotolewa. Kama upenyaji chini ya bwawa umekisiwa, na iandikwe hivyo kwa herufi kubwa kama za faida.

Tatu, hesabu zidaiwe kwa mwezi na kwa kila chanzo, si kwa mwaka na kwa kampuni nzima, na ziwe na jumla ya maji mapya yaliyochukuliwa kabla ya asilimia yoyote ya maji yaliyorudishwa.

Nne, sampuli za ubora zichukuliwe juu na chini ya mgodi pamoja na Jumuiya za Watumia Maji, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kijiji kwa Kiswahili, wingi wake ukiandikwa kwa madumu. Kazi hii ianze kabla mgodi haujachimba na iendelee baada ya kufungwa.

Tano, kila ofisi ya Chama na kila chuo kisome mita yake kila mwezi na kuandika daftari. Hatuwezi kudai kwa wengine nidhamu ambayo sisi wenyewe hatuna.

Yule kijana aliyetuuliza mita iko wapi hakusoma vitabu vingi kuliko sisi. Alikuwa amekulia katika nyumba ya kupanga ambamo ankara moja hugawanywa kwa vyumba kumi, na mama yake alikuwa akilipa bila kuonyeshwa kilichopimwa. Swali lake lilitoka katika maisha yake, ndiyo maana lilikuwa sahihi. Tangu siku ile mita ya jengo lile hufutwa vumbi na kusomwa kila mwisho wa mwezi, na wanaoisoma ni wanafunzi.